Nani Aliyeona?

Tarehe 10 Juni 2020 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliiacha kazi aliyokuwa amekabidhiwa ya kuongoza mambo ya afya katika vita vya Kivu ya Kusini dhidi ya korona. Mtu huyu si mgeni kwetu. Hospitali yake ilianzishwa mwaka 1999, mama wengi wamepona mikononi mwake, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya Amani mbele ya dunia nzima. Alipoeleza kwa nini anaondoka, alitaja mambo kadha wa kadha. Vipimo vilipelekwa Kinshasa, na majibu yakachukua zaidi ya majuma mawili kurudi. Mipaka ilivuja. Na watu wengi hawakukubali kwamba ugonjwa upo.

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulipima leo. Mtu ambaye twamkabidhi mwili wa mama yetu aupasue kwa kisu, mbona hatukumsadiki alipotuambia tunawe mikono na tusisongamane? Wengine hujibu upesi: kwa sababu watu ni wajinga. Jibu hilo hatulipokei. Waliosoma na wasiosoma walipelekeana habari zile zile mwaka ule; tofauti ni kwamba waliosoma walizipeleka kwa Kifaransa safi zaidi. Lazima kuna sababu nyingine, nasi tusipoijua hatutaweza kujilinda siku maradhi mengine yatakapobisha hodi.

Kwanza tuangalie njia ambayo uvumi huipita. Kwetu Mumosho habari za mji hazifiki kwa gazeti tu. Zaja na mama aliyekwenda kuuza soko la Kadutu, zaja na kijana wa pikipiki, zaja na mwanafunzi anayerudi nyumbani, zaja na ndugu aliye ng'ambo ya Ruzizi. Siku hizi zaja pia ndani ya simu: sauti ya mtu asiyetaja jina lake, akisema maneno ya kutisha kwa Kimashi au kwa Kiswahili chetu, na mwisho akituhimiza tuwapelekee wote tunaowapenda. Tazameni vema: katika msafara huo wote hakuna adui hata mmoja. Kila aliyeubeba mzigo ule aliubeba kwa ajili yetu.

Mfano mmoja wa majirani utatufaa. Mwishoni mwa Machi 2020, katika sehemu kadhaa za Kenya, watu waliamshana usiku kwa simu. Ati mtoto mchanga amezaliwa, akanena kama mtu mzima, akaagiza watu wanywe chai kavu isiyo na sukari kabla ya jua kuchomoza ili korona isiwapate, kisha akafa. Kila aliyeipokea habari hiyo aliwapigia nduguze: mama aliyeko kijijini, kaka aliyeko mjini, shangazi aliyeolewa mbali. Nani aliyemwona mtoto huyo? Hakuna. Lakini ni nani angeweza kulala huku mama yake hajaambiwa? Chai ile haikumponya mtu, wala haikumdhuru mtu. Sisi twaikumbuka kwa kuwa yatuonyesha waziwazi kinachouendesha uvumi, nacho ni upendo ulioshikwa na hofu.

Neno la kweli, kwa upande wake, lilipita njia nyingine kabisa. Lilikuja kwa amri, mara nyingi kwa Kifaransa, kutoka kwa watu tusiowajua majina. Tena lilichelewa. Mgonjwa wa Bukavu aliyepimwa alisubiri majuma mawili na zaidi kabla ya kuambiwa ana nini. Na muda wote huo jirani zake walikuwa wameshajiamulia wenyewe. Jibu la kweli lilikuwa bado Kinshasa, na jibu la uvumi lilikuwa sokoni tangu asubuhi. Daktari Mukwege hakukosea alipoyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, yaani kukawia kwa majibu na kutosadiki kwa watu. Hayo ni mambo ndugu: ukweli ukikawia, kiti chake hukaliwa na mwingine.

Hata hivyo njia peke yake haitoshi kueleza. Mambo mengi hupita njiani nasi hatuyakaribishi. Kwa nini haya tunayapokea na kuyalaza chumbani? Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii imekuwa kama hati ya kusafiria ya kila uvumi. Mtu akiitoa, hakuna anayemsimamisha tena. Na ugumu ni huu, kwamba mara nyingi ndani ya uvumi kweli kuna kitu kilicho kweli, kidogo kama punje ya mtama, nacho ndicho kinachobeba uongo wote uliokizunguka.

Tarehe 1 Aprili 2020, katika televisheni moja ya Ufaransa, mabwana wawili wa sayansi walizungumza juu ya kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona. Mmoja aliuliza kama jaribio lile lisifanyike Afrika, mahali pasipo na barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi, mwenzake akaafiki. Maneno hayo yalisemwa kweli, na watu wengi wa ulimwengu waliyalaani, hata mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyeongoza vita vya Kongo dhidi ya korona, aliwaambia waandishi wa habari kwamba nchi yetu iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Nchi nzima ikaghadhibika. Profesa akalazimika kufafanua kwamba hakuna jaribio litakalofanyika kwetu kabla chanjo haijajaribiwa kwanza huko inakotengenezwa. Lakini ufafanuzi hutembea kwa miguu, na hasira hupanda pikipiki. Tangu siku hiyo, mtu aliyesema vijijini kwamba chanjo imeletwa kutujaribu kama panya hakuwa akitunga hadithi tupu. Alikuwa na punje yake mkononi.

Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata. Tarehe 2 Machi 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya AstraZeneca. Kabla kazi haijaanza, nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha chanjo hiyo kwa muda, kwa sababu ilionekana kuwa watu wachache sana waliochanjwa walipatwa na kuganda kwa damu. Serikali yetu nayo ikangoja, na uchanjaji ukaanza tarehe 19 Aprili. Waliojitokeza walikuwa haba, na siku za dawa zilikuwa zikikaribia kwisha. Ndipo dozi milioni 1.3 hivi zikaamuliwa kupelekwa nchi nyingine za Afrika. Fikirini jambo hilo. Nchi iliyolalamika miaka mingi kwamba haipewi dawa ilipewa dawa, nayo ikashindwa kuitumia.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Uvumi hauanzi leo. Huota juu ya mizizi ya zamani. Wakati wa ukoloni watu wa pwani waliwaogopa mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu. Uganda na Kenya waliwaogopa wazimamoto kwa sababu hiyo hiyo. Katanga kulikuwa na batumbula. Na katika Zambia ya leo kulikuwa na banyama, na hata mapadre wamisionari walisingiziwa kuwa miongoni mwao. Hadithi hizo hazikuwa za kweli. Lakini waliozisimulia walikuwa watu waliolazimishwa kazi, waliohesabiwa kwa ajili ya kodi, waliopangwa mistari na kuchomwa sindano bila kuulizwa wala kuelezwa. Hawakuona damu ikinyonywa, ila waliona nguvu zao zikichukuliwa. Mjukuu wao akiona leo gari geni, mavazi meupe na sindano, hahitaji kufundishwa namna ya kuogopa.

Wala tusiseme kwamba sindano haijapata kumdhuru mtu. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, hospitali ya misheni yetu wenyewe Wakatoliki iliwatibu watu kwa sindano chache, zikitumiwa kwa mgonjwa huyu na huyu bila kuchemshwa ipasavyo. Ugonjwa mpya ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita kwa sindano hizo. Watu 318 waliugua, na 280 wakafa, pamoja na masista waliokuwa wakiwauguza. Hakuna aliyekusudia mabaya. Profesa Muyembe, yule yule aliyezomewa mwaka 2020, ndiye mwanasayansi wa kwanza aliyekwenda Yambuku kuutafuta ugonjwa ule, akiwagusa wagonjwa kwa mikono mitupu. Basi mtu mmoja anaweza kuwa na haki ya kuogopa, na mwingine kuwa na haki ya kuaminiwa, na wote wawili wakashindwa kusikilizana kwa kuwa hakuna aliyewasimulia yaliyopita.

Sababu ya tatu ni uchungu wa mambo ya sasa. Hapa tuwatazame ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni. Mwezi uliofuata, watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Kwa nini? Watu wale walikuwa wameuawa na waasi miaka kadhaa, wala hawakuona magari mengi yakija kuwaokoa. Sasa kwa ajili ya ugonjwa mmoja magari yakajaa, na fedha pia. Wakati huo huo surua ilikuwa ikiua watoto nchini kote: tangu mwanzo wa 2019 hadi mwanzo wa 2020 zaidi ya 6,000 walikufa, na dunia ikanyamaza. Kisha, Desemba 2018, watu wa Beni na Butembo waliambiwa kwamba hawatapiga kura pamoja na wenzao, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Walipopewa nafasi, Machi 2019, rais mpya alikuwa ameshaapishwa. Baada ya hayo, mtu akija na kusema ugonjwa huu ni biashara na siasa, mnadhani atapata wasikilizaji wangapi?

Hivyo ndivyo uvumi unavyoshawishi. Huwajia watu na maumivu ambayo tayari wanayo, ukayapa jina na adui. Sisi wenyewe twalijua jambo hilo: mtu akikonda na kutapika siku nyingi, wangapi kati yetu hutamka karuho, yaani sumu, kabla ya kumtaja mwuguzi? Adui mwenye uso huvumilika kuliko kijidudu kisichoonekana. Tena uvumi hauombi kitu. Ukweli watwambia tukae mbali na maiti ya baba yetu, tufunge duka, tusiende msibani. Uvumi watwambia tuendelee kama jana.

Bei ya faraja hiyo ni kubwa mno. Tarehe 27 Desemba 2018 kituo kimoja cha wagonjwa Beni kilivamiwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun, alipigwa risasi akafa akiwa mkutanoni hospitalini Butembo. Hatusemi kwamba uvumi peke yake ulishika bunduki. Mkono wa waasi na tamaa ya fedha vilikuwapo pia. Lakini palipo na uvumi, mwenye bunduki hupata mahali pa kujificha. Wagonjwa waliogopa vituo wakafia nyumbani, na waliowaosha wakaambukizwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameupata na 2,287 wamekufa, ingawa chanjo nzuri ilikuwapo na zaidi ya watu 300,000 waliipokea. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ni nini basi kilichosaidia kuugeuza moyo wa watu? Kukemea hakukusaidia. Yasemwa mengi, lakini sisi twapenda jambo moja dogo. Uvumi wa Beni ulisema kwamba ndani ya hema za wagonjwa watu huuawa na viungo vyao kuuzwa. Ndipo vikaletwa vyumba vya plastiki inayopitisha nuru, vilivyotengenezwa na shirika la madaktari liitwalo ALIMA. Mke akaweza kusimama nje, hatua chache tu, akamwona mumewe amelala, akamwona mwuguzi akimnywesha maji, akasema naye. Kadhalika wale waliopona Ebola, ambao hawakuwa na hatari kubwa ya kuugua tena, walipewa kazi ya kuwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Watu waliorudi nyumbani wakasema: nimeona. Neno hilo moja lilipita njia ile ile ya uvumi, kutoka kwa ndugu hadi kwa ndugu, nalo likawa na nguvu kuliko vipaza sauti vyote.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mashauri yetu. Uvumi huingia kwa mlango wa ndugu. Ukweli nao hauna budi kuingia kwa mlango huo huo, tena ukiwa umeshikwa mkono na mtu aliyeona.

Kwanza, habari ya ugonjwa ikifika nyumbani, tuiulize maswali matatu. Nani aliyeona kwa macho yake? Wapi na siku gani? Na ikiwa si kweli, nikiifuata, nani ataumia? Ukiuliza la kwanza, mara nyingi utaambiwa ni shemeji. Shemeji atasema ni dereva. Na dereva atasema aliisikia njiani. Swali la tatu ni muhimu vilevile. Anayekunywa chai kavu hapotezi kitu ila sukari. Anayemnyima mtoto wake chanjo ya surua anaweza kupoteza mtoto.

Pili, tusimwaibishe aliyeleta habari. Tumekwisha kuona kwamba ameileta kwa upendo. Mkwe wako akija na maneno ya kutisha, usimcheke mbele ya watoto. Mwambie: «Mama, asante kwa kutuhurumia. Habari hii mmeipata kwa nani? Twende pamoja kwa mwuguzi tumwulize.» Mtu aliyedhihakiwa hushika uvumi wake kwa nguvu zaidi, maana sasa anatetea heshima yake.

Tatu, twawasihi wauguzi, walimu, makatekista na viongozi wa mashirika ya parokia: semeni mapema, na semeni yote. Kama sindano huleta homa siku moja au mbili, ielezwe kabla ya kuchoma. Aliyeambiwa hupata homa akasema, ni kama nilivyoambiwa. Asiyeambiwa hupata homa hiyo hiyo akasema, wamenitia sumu. Jambo lisilojulikana bado, lisemwe kuwa halijulikani bado. Mtumishi anayekiri mpaka wa ujuzi wake husadikiwa anapofika kwenye mambo anayoyajua.

Nne, amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, na kanisa limetufundisha tangu utoto kwamba aliyechukua kitu cha mtu hurudisha. Aliyepeleka neno la uongo kwa watu ishirini hajamaliza wajibu wake kwa kunyamaza. Arudi kwa hao ishirini, mmoja mmoja, kwa simu ile ile, awaambie kwamba neno lile si kweli.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yamekwisha. Mwaka 2023, Kamituga, jimboni mwetu, ilizuka aina mpya ya ugonjwa wa mpox. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari kwa ulimwengu wote, na tangazo hilo halikuondolewa hadi Septemba 2025. Maradhi mengine yatakuja, na uvumi utatangulia kufika.

Neno letu la mwisho ni kwenu ninyi wanafunzi. Katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaosomea wazee ujumbe wa simu. Babu haoni herufi ndogo, bibi hajui Kifaransa, basi wote wanangoja kinywa chako. Ukisoma vibaya, au ukiongeza chumvi ili wakushangae, umewapa wazee wako sumu kwa kijiko. Ukisoma vema, kisha ukasema kwa adabu, «Babu, aliyeandika hapa hakutaja jina lake, wala hakusema aliona wapi,» umefanya kazi ambayo hata madaktari wakubwa walitamani kuifanya wakashindwa. Maana wewe u mtoto wa nyumba, na mlango umekwisha kufunguliwa kwa ajili yako.